Mtoto Amepona: Je, Nyumba Nayo Imepona?



Mwajua desturi yetu. Mtoto akilazwa hospitalini, habari hufika kanisani kabla ya siku kwisha. Wazee huomba, akina mama huchukua uji na kwenda kumtazama, na mwenye fedha kidogo huzitia mkononi mwa baba yake bila kuonwa na watu. Hata mtoto akirudi, wazazi humleta mbele siku ya Bwana, hutoa shukrani, wimbo huimbwa, na wote hufurahi. Baada ya hayo kila mtu huenda zake, maana kwa mawazo yetu jambo lile limekwisha. Aliyekuwa mgonjwa amepona. Basi, liko neno gani tena?

Mimi nataka kuwauliza neno hilo hilo. Je, ugonjwa wa mtoto mdogo hukoma siku atokapo hospitalini? Na watu wa nyumba moja, mtoto wao akiisha kurudi, wawiwa nini wao kwa wao? Siulizi kama mwalimu aulizaye wanafunzi, hali jibu analo kitabuni. Nauliza kwa kuwa jambo hili limenipata mimi mwenyewe, nami nalikosa ndani yake, na kosa langu sikulitengeneza ila baada ya kukawia.

Palikuwa wakati wa masika. Sisi twakaa bondeni, chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya joto na mashamba ya mkonge. Hapa mbu ni wengi kuliko kule juu wanakokaa wazee wetu, ambako baridi huwapunguza. Mwana wetu wa tatu alikuwa katika mwaka wake wa nne. Siku ile nalikuwa mbali, katika mkutano wa wachungaji. Kadiri ya saa tatu ya usiku mke wangu akanipigia simu, akaniambia, "Baba, mtoto ana homa tangu asubuhi, na sasa atapika kila anywacho. Naona tumpeleke hospitali." Nikamjibu, "Mpe dawa ya homa, umpanguse kwa maji, ungoje. Nitafika asubuhi na mapema pamoja na fedha. Pikipiki usiku huu na mvua hii ni hatari." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Baba." Akatii.

Kabla ya majogoo ya kwanza mtoto akashikwa na degedege. Majirani wakaamka, kijana mmoja akatoa pikipiki yake, mke wangu akapanda na mtoto kifuani, mvua ikinyesha. Huko akapimwa, ikaonekana ni malaria kali, na damu imepungua sana, hata viganja vyake vilikuwa vyeupe. Akaongezewa damu, akachomwa sindano za dawa. Mimi nalifika saa nne ya asubuhi, nikamkuta hatambui mtu. Siku ya pili akafumbua macho na kumwita mama yake. Akakaa huko siku tisa, na mke wangu hakuondoka kitandani pake. Binti yetu wa miaka kumi aliachwa kwa jirani, na mdogo wake wa miaka saba alipelekwa mlimani kwa bibi yake. Mbuzi watatu wakauzwa, na deni likabaki.

Tukarudi nyumbani tukiimba. Lakini mtoto aliyerudi hakuwa kama yule aliyekwenda. Usiku aliamka akipiga kelele. Mchana alishika kanga ya mama yake, wala hakukubali kuiachia hata mama alipokwenda kuchota maji. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani zaidi ya mwaka mzima. Sasa akaanza tena. Jumapili ya kwanza, nalipovaa kanzu yangu nyeupe ya ibada, akaniona mlangoni, akalia kwa hofu hata pumzi ikataka kukatika, akajificha chini ya meza. Maana kwake yeye, mtu mwenye nguo nyeupe ni mtu wa sindano. Ni neno gumu, ndugu, baba kukimbiwa na mwanawe.

Na wale wawili je? Yule wa miaka saba, alipoletwa kutoka kwa bibi yake, alimwamkia mama yake "Shikamoo" kwa adabu nyingi, kama aamkiavyo mgeni, akaenda kuketi mbali. Baada ya juma moja akaja akalala chini mbele yetu, akasema, "Nami naumwa. Nami nipelekeni hospitali." Tukampima, hana homa. Nikamkemea kwa uongo wake. Binti yetu hakusema neno. Alipika, alifua, alichota maji, nasi tukamsifu kwamba amekuwa mtu mzima, tusitambue ya kuwa ameacha kucheza.

Na kati ya mke wangu na mimi palikuwa na ukimya. Twalizungumza habari za dawa, na za deni, na za mvua. Habari ya usiku ule hatukuitaja.

Basi, tuyatazame mambo haya moja moja.

Kwanza, yatupasayo kwa mtoto mwenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba cheti cha kutoka hospitali ni cheti cha kupona. Sivyo. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Damu anayoongezewa mtoto humwokoa katika saa ya hatari, lakini mwili wake wahitaji majuma mengi ili utengeneze damu yake wenyewe. Katika hospitali za Kenya na Uganda ulifanywa uchunguzi, ambao habari zake zilitangazwa mwaka 2020, juu ya watoto wadogo waliotoka hospitali baada ya kulazwa kwa upungufu mkali wa damu. Wale waliopewa dawa ya kuzuia malaria mara tatu katika miezi ile mitatu ya kwanza, waliokufa au kulazwa tena miongoni mwao walikuwa wachache sana kuliko miongoni mwa wale wasiopewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kinga ya namna hiyo kwa watoto kama hao katika nchi zenye malaria nyingi. Maana ya habari hizi ni wazi: miezi ya kwanza nyumbani ni sehemu ya ugonjwa. Hospitali imemrudisha mtoto mikononi mwetu akiwa katikati ya safari.

Kwa hiyo wazazi wana kazi. Mtoto aliyechomwa sindano za malaria kali hupewa baadaye vidonge vya dawa mseto vya siku tatu. Vidonge hivyo vimalizwe, hata kama anacheza na kula. Siku ya kurudi kupimwa isipuuzwe kwa ajili ya palizi. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikirudi, viganja vikiwa vyeupe, mkojo ukiwa mweusi, akitapika kila kitu, akilala usingizi usio wa kawaida, au akishindwa kunywa, arudishwe siku ile ile. Na yule aliyepatwa na degedege aangaliwe kama asikia vizuri, kama asema na kutembea kama zamani, maana malaria ya namna hiyo huweza kuacha madhara ambayo hayaonekani siku ya kutoka. Tena apewe chakula mara nyingi kuliko desturi; na kwa mtoto aliyekuwa akiharisha waganga hushauri mlo mmoja zaidi kila siku kwa majuma mawili. Mwaikumbuka habari ya binti wa Yairo. Wazazi wake walikuwa wamejaa mshangao, na ni Bwana mwenyewe aliyewakumbusha kwamba mtoto ana njaa. Sisi nasi tukiisha kuimba, tukumbuke sufuria.

Pili, hofu ya mtoto. Juu ya jambo hili nyumba yetu iligawanyika. Mama yangu aliposhuka kututazama alisema, "Mtoto huyu ameharibika kwa kubembelezwa. Mchapeni." Mke wangu yeye alimpa kila alichokitaka, hata sukari mikononi. Nani alikuwa na haki? Methali yasema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na methali hii ni kweli. Lakini yafaa kwanza kujua mtoto analilia nini. Mtoto mkaidi hulilia kitu, ukimpa, hunyamaza. Mtoto mwenye hofu, hata ukimpa kitu hicho, huendelea kulia, maana alichokuwa akikitaka ni mtu. Wa kwanza huonywa. Wa pili akichapwa, utakuwa umemwonyesha kwamba hofu yake ilikuwa na sababu. Wala kumpa sukari hakumfai, kwa kuwa sukari si mkono wa mama. Huyu yampasa kukaa karibu na watu wake, alale karibu nao, na mambo ya nyumbani yaende kwa utaratibu ule ule aliouzoea, hata auamini tena. Mara nyingi hofu ya namna hii hupungua baada ya majuma kadhaa; isipopungua, daktari aambiwe.

Hapa naungama jambo moja zaidi. Siku ya kumrudisha kupimwa, mtoto alikataa kutoka nyumbani. Nami nikamwambia, "Twaenda sokoni kununua maandazi." Akafuata kwa furaha. Tulipofika kwenye lango la hospitali akanitazama usoni, wala hakulia. Tangu siku ile hakukubali kwenda nami sokoni.

Labda mtu atasema, "Uongo ule ulikuwa wa kumsaidia, mtoto wa miaka mitatu atafahamu nini?" Hilo nalo ni swali la kufikiriwa vema. Je, ni halali kumdanganya mtoto kwa faida yake? Nalidhani ni halali. Sasa naona kwamba nalipima faida moja tu, nikaisahau nyingine. Nalipata mtoto aendaye hospitali bila kelele siku moja. Nikapoteza mtoto anisadikiye siku zote nyingine. Mgonjwa mdogo hana kitu cha kujikinga nacho. Hajui dawa, hajui siku ngapi zimebaki, hajui kama maumivu yatakwisha. Kitu pekee alicho nacho ni neno la mzazi wake. Tukilifanya neno hilo kuwa mtego, tumemnyang'anya silaha yake ya pekee. Yafaa zaidi kusema, "Twaenda hospitali. Utachomwa kidole, itauma kidogo, nami nitakushika, kisha tutarudi nyumbani." Atalia. Lakini atakuwa amelia mikononi mwa mtu asiyemdanganya.

Tatu, wale waliobaki nyumbani. Zamani huko Uingereza hospitali nyingi hazikuwaruhusu wazazi kukaa na watoto wao, ila kuwatazama kwa saa chache tu katika juma. Mtu mmoja jina lake James Robertson, aliyefanya kazi huko London, aliona kwamba watoto wadogo walioachwa hivyo hulia kwanza kwa nguvu, kisha huwa na huzuni na kukata tamaa, na mwisho hutulia, hata wauguzi husema wamezoea. Kumbe hawakuzoea, wamejitenga, na mama ajapo humgeuzia uso. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyekaa hospitalini siku nane, ili watu wajionee wenyewe. Wengi walichukizwa na kumpinga, lakini mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwatazama watoto wao bila kuzuiliwa.

Nalipoyasoma hayo, kwanza nalijivuna kidogo. Nikasema, kwetu mambo haya hayapo. Kwetu mama hulala na mtoto wake wodini, hata kama ni chini ya kitanda. Ndipo nikamkumbuka yule wa miaka saba na "Shikamoo" yake. Wale Waingereza walimwacha mtoto aliye kitandani. Sisi hatumwachi, twawaacha wale wenye afya. Mama hutoka usiku, katikati ya mvua na vilio, bila kuwaambia neno. Asubuhi mmoja hupewa jirani, mwingine hupakiwa katika gari kwenda mlimani, na aulizapo habari huambiwa, "Nyamaza, mtoto hashughuliki na mambo ya wakubwa." Siku tisa kwa mtu mzima ni siku tisa. Kwa mtoto wa miaka saba asiyeambiwa kitu, hazina hesabu. Mwanangu aliposema "nami naumwa", nalimhukumu kwa uongo, kumbe alikuwa akisema kweli kwa maneno aliyokuwa nayo. Alikuwa ameona ya kuwa katika nyumba yetu iko njia moja tu ya kumpata mama, nayo ni kuugua.

Wako watu walioyajua mambo ya namna hii kabla yetu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto kwa jina walilolitumia wenyeji wa kabila la Waga, yaani kwashiakoo. Hueleza watu kwamba maana ya jina hilo ni ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake azaliwapo. Ugonjwa wenyewe ni wa kukosa lishe, na kwa mtoto wetu chakula hakikupungua. Lakini akina mama wale waliona jambo ambalo na sisi twapaswa kuliona: mtoto aliyeondolewa mahali pake huweza kudhoofika, hali macho ya watu wote yako kwa mwingine.

Dawa yake si ngumu. Mwambie mtoto aliyebaki mgonjwa ni nani, yuko wapi, na mama atarudi lini. Na kama hujui, sema hujui. Mpeleke siku moja amwone mama yake, ikiwa hospitali yaruhusu. Mama akirudi, ampe kila mmoja saa yake, hata kama ni kwenda naye kuni tu. Na binti afanyaye kazi zote bila kunung'unika, usimsifu tu. Mwondolee mzigo, umrudishe mchezoni.

Nne, nafika katika jambo nililolikimbia. Habari ya ugonjwa ilipoenea katika ukoo, watu wakaanza kutafuta sababu. Ndugu mmoja akanong'ona kwamba hapa pana mkono wa mtu. Nami, niliyehubiri mara nyingi juu ya jambo hilo, nalisikia raha kidogo moyoni. Kwa nini? Kwa sababu kama ni mkono wa mtu, basi si mimi. Mama yangu yeye hakusema habari za mkono wa mtu. Alisema mbele ya wote, "Mwanamke gani huyu, angojaye mpaka mtoto azimie ndipo aamshe majirani?" Mke wangu alikuwa akipeta mchele. Hakuinua uso. Nami nalikuwapo, nikanyamaza.

Nalijitetea kwa hoja, nanyi mtaona kwamba hoja zangu hazikuwa za kijinga. Nalisema, mtoto amepona. Kufukua ya usiku ule kutamfaa nani? Nalisema, nikimkanusha mama yangu mbele ya watu nitamvunjia heshima. Nalisema, nimekwisha kuungama mbele za Mungu pale pale kando ya kitanda, naye amesamehe. Kila hoja ina kweli ndani yake. Lakini zote zilikuwa zimesimama juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Jioni moja binti yetu alikuwa akiosha vyombo, nami nimeketi karibu. Akasema bila kunitazama, "Baba, usiku ule mimi nalikuwa macho. Nalimsikia Mama akikupigia simu. Mbona Bibi asema Mama hakufanya kitu?" Ndipo nikafahamu ukimya wake. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amebeba siri ya baba yake miezi miwili, akichota nayo maji.

Fikirini jambo hili pamoja nami. Toba ya sirini humtengeneza mtu na Mungu wake. Lakini lawama iliyotupwa hadharani juu ya asiyestahili haiondolewi na sala niliyosali peke yangu. Maadamu mke wangu alichukua hatia yangu mbele ya ukoo, msamaha nilioupokea nalikuwa nikiutumia kama blanketi, nimejifunika mimi, naye yuko nje katika baridi. Na tazameni lawama hizi huangukia wapi. Katika nyumba zetu, mtoto akiugua, ni nani huulizwa? Ni mama. Mwenye amri ya kutoa fedha na ruhusa ni baba, lakini mwenye kulaumiwa ni mama. Mtu asiye na amri hawezi kuwa na hatia ya amri.

Wala sitaki kuweka mzigo juu ya watu wasiostahili. Si kila kukawia ni kosa. Yuko asiye na fedha wala wa kumkopesha. Yuko ambaye daraja limechukuliwa na mto. Yuko asiyejua kwamba mtoto mwenye homa atapikaye kila kitu ni mtoto wa kupelekwa hospitali usiku huo huo; yeye afundishwe, asihukumiwe. Hao wasijitese kwa majuto. Lakini mimi nalijua. Dalili hizo nalikuwa nimezisikia mara nyingi, hata nimewafundisha wengine. Nalichagua kungoja kwa sababu nalitaka mambo yafanyike nikiwapo. Kutafuta sababu ili jambo lisirudi ni wajibu. Kutafuta mtu wa kumtwika ni njia ya kuikwepa sababu.

Basi tukapanda mlimani sote watano. Tulipokwisha kula, nikamwambia mama yangu, mke wangu na watoto wakisikia, "Mama, usiku ule mke wangu alitaka kumpeleka mtoto mapema. Mimi ndimi niliyemzuia. Uliyomwambia yeye, yanipasa mimi." Mama yangu akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mke wangu, "Mwanangu, niwie radhi." Mimi hakunisemesha hata siku ya pili, wala sikuona kwamba amenionea.

Tulipokuwa tukishuka, nikamwomba mke wangu msamaha. Akaniambia, "Baba, mimi sikungoja uniambie mimi. Mimi nalikuwapo. Nalingoja uwaambie wao." Sikuwa na la kujibu.

Baada ya hayo tumeweka kanuni nyumbani mwetu, nami nawashauri ninyi, hasa waalimu wa kanisa mnaowafundisha wanaotaka kuoana. Mtu aliye na mtoto mbele ya macho yake ndiye aamuaye. Kama ni mama, haombi ruhusa. Hupeleka kwanza, habari hufuata. Tumeweka kopo la fedha ya safari ya hospitali, wala fedha hiyo haiguswi kwa kitu kingine. Na tumepatana na kijana yule mwenye pikipiki mapema, wala si usiku wa manane. Mume asidhani ya kuwa hivyo amepunguziwa heshima. Amri iliyo mbali na kitanda cha mgonjwa haioni viganja vya mtoto.

Na ninyi washarika, neno langu ni fupi. Mwajua sana kumtazama mgonjwa hospitalini. Jifunzeni kuitazama nyumba baada ya kurudi. Juma la tatu, wakati wageni wamekwisha na deni limebaki, ndilo juma la kwenda. Usiulize habari za mgonjwa peke yake. Waulize na wale watoto wengine habari zao, kwa majina yao. Mchukue mmoja wao acheze kwako na arudi jioni. Kama waweza, msaidie baba katika deni, au umngoje bila kumdai mbele ya watu. Na ukisikia watu wakitafuta wa kumlaumu, usiongeze kuni.

Kwetu bado hatujafika mwisho. Mwana wetu amenenepa, viganja vyake vimekuwa vyekundu, na kwa neema ya Mungu asikia na kusema vema. Usiku halii tena ila mara moja moja. Sokoni bado hapendi kwenda nami. Huenda na mama yake. Kanzu yangu siivai tena ghafula. Jumamosi jioni huitandika kitandani, naye huja kuigusa mikono yake, huuliza, "Hii si ya sindano?" Nami humjibu, "Hapana, hii ni ya kanisani." Huniuliza kila Jumamosi, nami humjibu kila Jumamosi.